Goti Halipimwi Kitandani

Mama alipowekewa goti bandia mara ya kwanza, jioni ile alikuwa mcheshi kuliko sisi tuliokwenda kumwona. Nesi alipomwuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, alijibu, "Sifuri, mwanangu. Hata sijui kama nina goti." Tukacheka. Usiku akashuka kitandani aende msalani, mguu ukamlegea kama kamba iliyolowa. Bahati nesi alikuwa karibu, akamdaka.

Alikuwa amechomwa ganzi ya neva ya paja, pale kwenye kinena. Sindano hiyo inatuliza maumivu kweli kweli, sibishi. Lakini neva hiyo hiyo ndiyo inayouamuru msuli mkubwa wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti na kukushikilia usianguke. Ukiilaza neva, umeulaza na msuli. Kwangu mimi, sifuri ya kitandani isiyokuruhusu kusimama ni kulipa deni kwa kukopa jingine.

Ndiyo maana naipendelea ganzi inayochomwa chini zaidi, katikati ya paja upande wa ndani, inapopita neva ambayo kazi yake kubwa ni hisia. Msuli unabaki na nguvu zake nyingi. Ila ganzi hiyo haifiki vizuri nyuma ya goti, na huko nyuma nako kunauma. Hapo ndipo mpasuaji mwenyewe anapoingia: kabla hajafunga kidonda, anadunga dawa kwenye nyama zinazolizunguka goti. Kerr na Kohan, madaktari wa Sydney, walichapisha mchanganyiko wao mwaka 2008: ropivakeini ya kutia ganzi, ketorolaki ya kutuliza maumivu, na adrenalini ya kubana mishipa ya damu. Njia hizi mbili zikienda pamoja, mimi sioni sababu ya kuing'ang'ania ile ya kinena.

Mofini, ile dawa kali ya maumivu, naiheshimu, lakini ikae akiba. Kichefuchefu, kuwashwa, choo kufunga, usingizi mzito unaoweza hata kupunguza pumzi. Mtu wa hali hiyo atakunja goti saa ngapi? Ganzi ya epidura, inayopitishwa kwa mpira mwembamba mgongoni, nayo inaweza kulegeza miguu yote miwili, kushusha presha na kuzuia mkojo. Tena mgonjwa wa goti hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, na mpira ule wa mgongoni hauwekwi wala kutolewa ovyo mtu akiwa kwenye dawa hizo.

Jambo ambalo hatukuambiwa, na hadi leo linaniudhi: ganzi ya sindano moja huisha, mara nyingi ndani ya siku moja hivi, na haiagi. Mama alikuwa amekataa vidonge kwa sababu "hakuna kinachouma." Kesho yake usiku alikuwa anauma shuka. Parasetamoli humezwa kwa saa zake, pamoja na dawa za jamii ya ibuprofeni kama figo na tumbo vinaruhusu, wakati ganzi bado ipo. Ukingoja maumivu yafike ndipo utafute kidonge, utayakimbiza usiku kucha.

Kwa goti la pili tulimwendea daktari wa usingizi na maswali yetu mapema. Mama akapata ganzi ya mgongo ya sindano moja, isiyo na mpira, kwa ajili ya upasuaji, ile ya katikati ya paja, mpasuaji naye akadunga yake. Vidonge kwa saa, barafu juu ya goti. Asubuhi yake nesi akaja na swali lile lile la namba.

"Nne," mama akasema, mikono yake ikiwa tayari kwenye kitembezi. "Hebu nipishe kwanza nifike dirishani."