Upasuaji wa Mbwa wa Pua Bapa na Swali la Uzazi

Mbwa wa aina ya pagi au buldogi wa Kifaransa anayelala akiwa ameketi, au aliyeegemeza kidevu ukingoni mwa kitanda huku ameuma mpira, huwachekesha wenyeji wake. Daktari wa mifugo aliyewazoea mbwa hawa huona jambo jingine: mnyama amejifunza kwamba akifumba kinywa hewa haipiti, kwa hiyo anakiachama ili aweze kulala. Mjadala wa upasuaji wa kupanua njia ya hewa ya mbwa hawa unapaswa kuanzia hapo, kwa kuwa wamiliki wengi hawajui kwamba mbwa wao ni mgonjwa. Utafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa mifugo cha London, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa asilimia 58 ya wamiliki wa mbwa wenye dalili walisema wanyama wao hawana tatizo lolote la kupumua.

Chanzo chenyewe kinaeleweka vizuri. Wazalishaji walichagua kwa vizazi vingi mbwa wenye uso mfupi, mifupa ya uso ikapungua, lakini nyama laini zilizomo ndani hazikupungua kwa kadiri ile ile. Tundu za pua zimekuwa nyufa nyembamba, na kaakaa laini, lililo refu na nene, huingia koromeoni na kuziba njia ya hewa. Mbwa hujipoza kwa kutweta. Asipoweza kutweta sawasawa, joto la mchana mmoja linatosha kumuua.

Katika upasuaji daktari hukata kipande kidogo cha nyama kwenye kila tundu la pua, hufupisha kaakaa laini na, inapobidi, huondoa vifuko vya zoloto (kisanduku cha sauti kooni) ambavyo mvuto wa hewa umevipindua nje. Wanaoutetea wana hoja nzito. Mbwa aliyekuwa akiishiwa pumzi kwa hatua chache huweza tena kutembea, hulala ubavu kama mbwa wengine, na mara nyingi hata kucheua chakula hupungua. Tena kuchelewa kuna gharama yake, kwa sababu kuvuta hewa kwa nguvu kila siku hulegeza gegedu za zoloto mpaka zikaporomoka, na hapo kisu hakina mengi ya kufanya. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kusubiri mpaka mbwa azimie ndipo apelekwe kwa mpasuaji.

Hata hivyo, hakuna anayepaswa kuahidiwa uponyaji kamili. Nusukaputi ni hatari zaidi kwa mbwa hawa. Koo huweza kuvimba baada ya kukatwa, mbwa akapaliwa na kupata nimonia, na pengine ikalazimu kumtoboa shingo ili apate hewa. Watafiti wa Cambridge walipopima mbwa 50 kabla na baada ya upasuaji, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, walikuta kwamba kwa jumla kupumua kulikuwa kumeboreka, lakini mbwa 34 walikuwa bado katika kiwango cha ugonjwa.

Pingamizi linalonisumbua zaidi halihusu chumba cha upasuaji. Mbwa aliyefanyiwa upasuaji huonekana mzima, hupandishwa, na watoto wake huzaliwa na fuvu lile lile alilozaliwa nalo yeye. Soko nalo halijapoa: mwaka 2022 buldogi wa Kifaransa aliongoza orodha ya usajili ya American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa Marekani, baada ya mbwa wa aina ya Labrador kuishika nafasi hiyo kwa miaka 31. Uholanzi imejibu kwa kipimo cha mfupa, kwani tangu mwaka 2019 mbwa ambaye urefu wa pua yake haufikii theluthi moja ya urefu wa fuvu hapaswi kuzalishwa. Uingereza imejibu kwa kupima pumzi: katika utaratibu ulioanzishwa mwaka huo huo na Kennel Club, chama kinachosajili mbwa huko, pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge, mbwa husikilizwa kooni, hukimbizwa polepole kwa dakika tatu, husikilizwa tena, kisha hupewa daraja kuanzia 0, yaani mzima, hadi 3, yaani mgonjwa sana. Njia hii ya pili naiona ya haki zaidi, maana wapo wenye uso mfupi wanaopumua vizuri. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba mzalishaji asiyetaka kupimwa halazimiki kupimwa.

Kwa maoni yangu, mbwa aliye hai ana haki ya kupumua, na kumnyima upasuaji ili kuwaadhibu waliomzalisha ni ukatili. Lakini mbwa akishalazwa kwa nusukaputi ili apanuliwe njia ya hewa, afungwe na kizazi papo hapo inapowezekana, na mmiliki aelezwe sababu kabla hajatia saini. Wapo watakaosema kwamba sharti hilo litawafanya baadhi ya wamiliki wakatae upasuaji wote, na hofu hiyo ni ya kweli. Mmiliki wa namna hiyo akija, mbwa apasuliwe hata bila kufungwa kizazi, na taarifa ya upasuaji ipelekwe kwa chama kinachosajili watoto wa mbegu hiyo.