Hesabu ya 1844 na wanaotaja tarehe ya kurudi kwa Yesu

Septemba 2025 mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alisimulia kwenye video kwamba Yesu alimtokea katika ndoto na kumwambia unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki, ungekuwa tarehe 23 na 24 ya mwezi huo. Video ilisambaa dunia nzima. Wapo waliojirekodi wakisema wameshauza magari na kuacha kazi. Tarehe 25 kulikucha kama kawaida, na siku chache baadaye baadhi ya waumini wakaanza kusema kalenda iliyotumika haikuwa sahihi, wasubiri hadi Oktoba.

Mabishano yaliyofuata tunayajua. Wa kwanza anatoa Mathayo 24:36, "hakuna aijuaye", anaona kesi imekwisha. Wa pili anajibu kwamba mistari mitatu tu juu ya hapo Yesu huyo huyo anawaambia wanafunzi watambue ya kuwa yu karibu, milangoni. Wanarushiana mistari mpaka mmoja achoke, na hakuna anayekaa kuikagua hesabu yenyewe.

Ndoto haina cha kukagua. Kwa hiyo mfano wa kupima nao ni wa mwaka 1844, kwa sababu hesabu ile ilifanywa kwa makini kuliko nyingi zilizoifuata, na pia kwa sababu matunda yake tunaishi nayo. Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903 na Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wametokana na vuguvugu lililoizunguka hesabu hiyo.

Aliyelianzisha, William Miller, alikuwa mkulima wa Low Hampton katika jimbo la New York, Mbaptisti, askari wa zamani wa vita vya 1812. Hakudai ndoto wala sauti. Kuanzia mwaka 1816 alikaa miaka miwili na Biblia na itifaki yake (kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia), mstari kwa mstari, hataki kuvuka asichokielewa. Alipofika Danieli 8:14 akatua: "Hata nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ndipo patakatifu patakapotakaswa."

Alichofanya na mstari huo ni hiki. Siku moja ya unabii aliihesabu mwaka mmoja, kwa kutegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, kanuni ambayo wafasiri wengi wa Kiprotestanti walikuwa wakiitumia karne kadhaa kabla yake. Hapo akapata miaka 2300. Mwanzo wake aliuchukua katika sura ya tisa, penye majuma sabini yanayoanza na amri ya kuujenga upya Yerusalemu. Amri aliyoichagua ni ile ya Artashasta katika Ezra 7, mwaka 457 KK. Toa 457 katika 2300, unabaki 1843. Patakatifu akasema ni dunia, kutakaswa ni kwa moto, na moto huo utakuja na Kristo.

Alianza kuhubiri hadharani mwaka 1831, akatoa kipindi cha kuanzia Machi 1843 hadi Machi 1844. Kikapita. Kosa lililoonekana ni la kalenda: kati ya mwaka 1 KK na mwaka 1 BK hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo miaka 2300 inaishia 1844. Agosti mwaka huo, kwenye mkutano wa kambi huko Exeter, New Hampshire, mhubiri Samuel Snow akaenda mbali zaidi: kutakaswa kwa patakatifu ni kazi ya Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba, na kwa kalenda ya Wayahudi Wakarai siku hiyo mwaka ule ni 22 Oktoba. Miller mwenyewe alisita, akaikubali tarehe hiyo Oktoba ilipokuwa imeshaanza.

Wasabato bado husimulia habari za mkulima wa New Hampshire, Leonard Hastings, aliyekataa kuvuna viazi vyake. Kuviacha ardhini kulikuwa mahubiri tosha kwa majirani: mtu anayemngoja Bwana wiki ijayo hana haja ya ghala. Hadithi ya kwamba walivaa kanzu nyeupe na kupanda mapaa ya nyumba ni ya wapinzani wao, haina ushahidi, lakini ndiyo inayorudiwa zaidi. Hiram Edson, mmoja wao, aliandika baadaye kwamba usiku wa 22 Oktoba, Bwana asipokuja, walilia mpaka kukapambazuka.

Ni rahisi kuwacheka. Kabla ya kucheka, mtu aijibu hoja yao pale ilipo na nguvu. Chukua mwanzo ule ule wa 457 KK na uhesabu majuma sitini na tisa ya Danieli 9, yaani miaka 483, unafika mwaka 27 BK. Luka anasema Yohana alianza kuhubiri mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio, na kwa hesabu mojawapo ya utawala huo, ubatizo wa Yesu unaangukia hapo hapo. Sasa, kama nambari za Danieli zilimleta Masihi kwa wakati mara ya kwanza, kwa nini zisitumike mara ya pili? Tena Danieli mwenyewe (9:2) anasema alitambua hesabu ya miaka sabini kwa kuvisoma vitabu, akimaanisha unabii wa Yeremia. Hakukemewa. Naye Yesu aliwalaumu Mafarisayo kwa kuweza kusoma uso wa mbingu na kushindwa kuzitambua ishara za nyakati zao. Anayesema kuhesabu ni dhambi tu, basi, ana kazi ya kumweleza Danieli.

Mimi naona kuhesabu si kosa. Tatizo liko kwenye mwanzo wa hesabu, na hapa ndipo wengi wetu tunapigwa chenga, kwa sababu macho yetu yako kwenye kujumlisha na kutoa, ambavyo kwa kawaida viko sawa kabisa.

Amri za wafalme wa Uajemi zinazohusu Yerusalemu si moja. Ipo ya Koreshi, takriban 538 KK. Ipo ya Dario iliyoithibitisha. Ipo ya Artashasta kwa Ezra, 457. Na ipo ruhusa ya Artashasta kwa Nehemia, 445 au 444, ambayo ndiyo hasa inayotaja kuta za mji. Sir Robert Anderson, aliyewahi kuongoza idara ya upelelezi ya polisi wa London, aliichukua ya Nehemia, akatumia mwaka wa siku 360 badala ya 365, akafika Aprili ya mwaka 32 BK, siku Yesu alipoingia Yerusalemu juu ya punda. Miller na Anderson walisoma majuma yale yale. Mmoja alianza miaka kumi na miwili baada ya mwenzake, akatumia mwaka mfupi zaidi, na kila mmoja akafika kwenye tukio kubwa la maisha ya Yesu. Hilo linapaswa kumtia mtu wasiwasi. Ukiwa na amri nne, aina mbili za mwaka, na matukio kama ubatizo, kuingia Yerusalemu na kusulubiwa ya kulenga, kukosa shabaha ndiko kungekuwa ajabu.

Halafu kuna sura ya nane yenyewe. Malaika anamfasiria Danieli: kondoo mume ni wafalme wa Umedi na Uajemi, beberu ni mfalme wa Ugiriki, na pembe ndogo inachipuka katika mgawanyiko wa ufalme huo. Wasomaji wengi, wa kale na wa leo, wamemwona hapo Antioko wa Nne, aliyelinajisi hekalu mwaka 167 KK, likawekwa wakfu tena mwaka 164. "Jioni na asubuhi" ni saa za sadaka ya kila siku ambayo pembe ile inaiondoa. Sadaka 2300, mbili kwa siku, ni siku 1150, miaka mitatu na kidogo. Wanaotetea Miller hujibu kwamba malaika alisema maono hayo ni ya wakati wa mwisho, na kwamba Antioko, mfalme aliyetetemekeshwa na Roma, ni mdogo mno kwa pembe iliyokua hadi kulifikia jeshi la mbinguni. Jibu hilo lina uzito. Ila halifanyi patakatifu pawe dunia, na bila hatua hiyo hakuna marejeo ya Kristo katika Danieli 8:14.

Wasabato wa kwanza waliliona hilo kabla yetu. Asubuhi ya 23 Oktoba, Edson akikatiza shamba la mahindi, ilimjia kwamba patakatifu pako mbinguni na kwamba tarehe ilikuwa sahihi: Kristo ameingia chumba cha pili cha hekalu la mbinguni. Ndipo likakua fundisho la hukumu ya upelelezi, kwamba huko mbinguni maisha ya waumini yanakaguliwa kabla Kristo hajarudi. Miller hakulikubali, alikiri alikosea, akafa mwaka 1849 akiwa bado anangoja.

Hapa sina budi kusema wazi. Tarehe inapopita na tukio likahamishiwa mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kuthibitisha wala kukanusha, hesabu imeacha kuwa hesabu. Charles Taze Russell, ambaye kundi lake ndilo lililozaa Mashahidi wa Yehova, alifundisha kwamba Kristo alikuwepo bila kuonekana tangu 1874, akangoja mengi mwaka 1914. Mashahidi wa Yehova baadaye waliuhamishia uwepo huo usioonekana kwenye 1914, wakihesabu miaka 2520 kutoka 607 KK kama mwaka wa kuangamizwa kwa Yerusalemu, ingawa wanahistoria wanalipa tukio hilo 587 au 586. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba Wasabato hawakurudia: Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao, alionya dhidi ya kuweka tarehe nyingine, na kanisa hilo rasmi limeshika hivyo hadi leo.

Upande wa "hakuna aijuaye" nao si safi kiasi hicho. Mstari huo mara nyingi unatumika kufunga mdomo wa muulizaji. Kuna makanisa ambako mwaka mzima unapita bila mahubiri hata moja juu ya Danieli, Ufunuo au Mathayo 24, kisha wachungaji wanashangaa vijana wao wamefundishwa siku za mwisho na mtu wa YouTube mwenye chati na muziki wa kutisha. Isitoshe, sura wanayoinukuu ina mstari wa 34, "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatakapotimia." Wapo wanaosema ulitimia mwaka 70 BK, Warumi chini ya Tito walipoliteketeza hekalu, ndani ya miaka arobaini ya maneno hayo. Ni usomaji mzuri kwa nusu ya kwanza ya sura na mgumu kwa Mwana wa Adamu kuja juu ya mawingu. Wengine wanasema kizazi ni kile kitakachouona mtini ukichanua, mtini ni Israeli, nayo ilizaliwa 1948. Ongeza arobaini: 1988. Mmarekani Edgar Whisenant alitoa kijitabu chenye sababu 88 za mwaka huo, kikasambazwa kwa mamilioni. Albert Schweitzer, huyu aliyekuja kujenga hospitali Lambaréné kule Gabon, alisema bila kuzunguka kwamba Yesu alitazamia mwisho wa karibu na haukuja. Sikubaliani naye, lakini anayenukuu mstari wa 36 na kuuruka wa 34 hajamjibu.

Kuna pia ujanja wa kusema siku na saa hazijulikani ila mwaka unajulikana. Miller aliutumia. Matendo 1:7 unauziba: "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira." Augustino wa Hippo, mwanzoni mwa karne ya tano, aliandika kwamba kwa maneno hayo Kristo anavilegeza vidole vya wote wanaohesabu na kuviamuru vipumzike.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala huu una makaburi. Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja walitangaza mwisho kuwa 31 Desemba 1999. Ulipopita, mamia ya watu walikufa, wakiwemo walioteketea kwa moto wa 17 Machi 2000. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga chakula wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Wapinga tarehe huwaweka hawa kapu moja na Miller, na hapo wanakosea. Wafuasi wa Miller walirudi mashambani wakiwa na aibu na viazi. Tofauti haikuwa katika hesabu. Miller aliziandika hesabu zake wazi, yeyote akaweza kuzipinga kwa Biblia yake mwenyewe. Kanungu na Shakahola waumini walitengwa na ndugu na majirani, na neno la kiongozi likawa la mwisho. Kanungu inatuonyesha jambo jingine pia: hatari ilizidi katika miezi iliyofuata tarehe iliyoshindwa, wakati waliokuwa wametoa mali zao walipoanza, kama ilivyoelezwa, kuuliza.

Hata mwanasayansi Isaac Newton alipiga hesabu hizi. Katika karatasi zake alihesabu miaka 1260 kuanzia mwaka 800, akapata 2060, na akaeleza sababu yake: mwisho unaweza kuja baada ya hapo ila haoni sababu uje kabla, na anaandika hivyo ili kuzuia makisio ya haraka haraka ya watu wenye kupenda kuota. Siku hizi nambari hiyo huzunguka kama "utabiri wa Newton".

Inayokuja kabla ya hiyo ni 2033. Hoja yake ni Hosea 6:2, "Baada ya siku mbili atatufufua", ikiunganishwa na 2 Petro 3:8, siku moja kama miaka elfu: miaka elfu mbili tangu msalaba. Mwanzo wake ni mwaka wa kusulubiwa, nao wasomi wanabishania hasa kati ya 30 na 33. Ukichagua 30, tarehe ni 2030. Danieli walau alikuwa na amri ya mfalme ya kuanzia. Hosea hatoi hata mwanzo. Anazungumza na Efraimu na Yuda waliojeruhiwa, anawaita warudi kwa Bwana. Atakayekuletea hesabu hii kwenye semina, mwulize kwanza siku hizo mbili zinaanza wapi katika sura yenyewe, na kabla hamjaachana, mwombe aandike leo atakachosema Januari 2034.