Dibagi au Rilisi: Faili Linasema Nini, Mjenzi Anasema Nini

Ukikabidhiwa maktaba ya programu iliyokwisha kompailiwa, bila msimbo chanzo, kujua kama ni ya dibagi (iliyojengwa kwa ajili ya kusaka makosa) au ya rilisi (iliyojengwa ili wapewe wateja) si udadisi tu. Ya dibagi kwa kawaida huwa nzito, na kwenye Windows inaweza isifunguke kabisa kwenye kompyuta ya mteja. Wapo wanaosema jibu limo ndani ya faili, kazi yako ni kutafuta alama. Wengine wanasema faili halitoshi, muulize aliyelijenga. Mimi naegemea kwa hao wa kwanza, ila kwa masharti.

Kwenye Windows na C++ hoja yao ina nguvu. Endesha dumpbin /dependents, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili linazitegemea, juu ya DLL (faili la maktaba la Windows). Ukikuta VCRUNTIME140D.dll au ucrtbased.dll, ubishi umekwisha: hizo ni maktaba za dibagi za Microsoft, na leseni hairuhusu kuzisambaza kwa wateja. Ndiyo maana programu iliyokuwa ikienda vizuri ofisini hufika kwa mteja na kulalamika kwamba DLL haipo. Usipozikuta, bado usishangilie. Aliyejenga kwa /MTd, kigezo cha kompaila, amezimeza ndani ya faili lake. Na ile herufi d mwishoni mwa jina, kama Qt5Cored.dll, ni desturi tu. Jina la faili hubadilishwa na yeyote.

Penye mtego hasa ni .NET, jukwaa la programu la Microsoft. Kompaila ya C# hupachika sifa iitwayo DebuggableAttribute, na wengi wakiiona tu hukata shauri kwamba ni dibagi. Si kweli, kwa sababu rilisi iliyojengwa pamoja na faili la PDB (lenye taarifa za kusakia makosa) nayo huwa nayo. Cha kutazama ni thamani yake. Fungua DLL kwa ildasm (zana ya kusoma yaliyomo ndani ya faili la .NET), ingia kwenye manifesti (sehemu inayolieleza faili lenyewe), soma baiti: 01 00 07 01 00 00 00 00 ni dibagi ya kawaida, 01 00 02 00 00 00 00 00 ni rilisi. Ile 07 01, kwa kuwa baiti ndogo hutangulia, ni 0x107, yaani 263, na ndani yake mna 256, bendera ya DisableOptimizations. Hiyo ndiyo inayoiamuru JIT (kompaila inayofanya kazi programu ikiwa inaendeshwa) isiboreshe msimbo. Nyingine zote ni za pembeni. Lakini hata hiyo 256 haisemi lolote kuhusu konstanti ya DEBUG (inayoamua kama ukaguzi wa Debug.Assert unabaki ndani), ambayo huwekwa peke yake. Unaweza kupata maktaba iliyoboreshwa vizuri kabisa huku Debug.Assert zake zote zingali hai. Hiyo utaiita nini?

Linux ndiyo inayowapa nguvu wale wa pili. Amri ya file ikijibu "with debug_info, not stripped", yaani taarifa za dibagi na simboli (majina yaliyotumika ndani ya msimbo) bado zimo, watu huruka na kusema dibagi. Debian kwa kawaida hujenga vifurushi vyake kwa -g (kuweka taarifa za dibagi) na -O2 (kuboresha msimbo) kwa pamoja, kisha simboli hutolewa na kuwekwa kwenye kifurushi cha kando chenye jina linaloishia na -dbgsym. Msimbo ni ule ule, simboli ziwepo zisiwepo. CMake, zana ya kuratibu ujenzi, nayo ina RelWithDebInfo (rilisi yenye taarifa za dibagi) kwa kazi hiyo hiyo. Na nm -D, amri inayoorodhesha simboli, ikikuonyesha __assert_fail (inayoitwa ukaguzi wa assert unaposhindwa), umejua kwamba angalau sehemu moja ilikompailiwa bila NDEBUG, konstanti inayozima assert. Kuhusu kasi hujajua kitu.

Basi tumuulize mjenzi? Ni sawa, mradi usimuulize "dibagi au rilisi". Muulize aliwasha uboreshaji gani, aliacha assert au alizitoa, aliunganisha na maktaba ipi ya msingi. Kwa sababu kuna kisa cha kawaida sana: mtu anatumia CMake na Makefile, anasahau kuweka CMAKE_BUILD_TYPE, na thamani inabaki tupu. Ataapa kwamba hakujenga dibagi, na hasemi uongo. Ila kompaila haikupewa -O yoyote, na maktaba inatambaa kama ya dibagi. Kama aliongeza -g na simboli bado zimo, endesha readelf --debug-dump=info, tafuta DW_AT_producer, mahali GCC inapoandika vigezo ilivyopewa, umwonyeshe kwamba -O2 haimo.