"Nirudi lini?" Spreyi ya rangi ya ngozi na swali la marudio

Mteja anayepuliziwa rangi ya ngozi, yaani dawa ya kuigeuza ngozi kahawia kama iliyopigwa na jua, kwa mara ya kwanza huuliza mengi kabla ya kuingia kibandani. Akishatoka, akavaa na kujitazama kwenye kioo, hubakiwa na swali moja: nirudi lini? Majibu hayafanani. Yupo mpulizaji atakayemwambia kila baada ya siku saba bila kusita. Yupo atakayesema wiki mbili. Daktari wa ngozi huenda asitaje siku kabisa, akaanza kwa kuiangalia ngozi yenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa wateja wengi wiki moja ni mapema mno, na siku ya kurudi haifai kuhesabiwa tangu rangi ilipopulizwa, bali tangu ile ya zamani ilipokwisha kutoka.

Ili kuona kwa nini, inabidi kujua dawa ile inafanya nini mwilini. Kiini chake ni dihidroksiasetoni, ambayo wenye kazi hii wanaiita DHA. Ni sukari nyepesi yenye kaboni tatu. Ikigusa ngozi huungana na asidi za amino zilizomo kwenye tabaka la juu kabisa, lile la seli zilizokwisha kufa, na muungano huo hugeuka hudhurungi. Ni mmenyuko wa jamii ileile inayoupa mkate uliookwa ganda lake la kahawia. Tabia hii ilijulikana kwa namna isiyotarajiwa. Katika miaka ya 1950, mjini Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa akiwapa watoto wenye maradhi ya kurithi DHA ya kunywa. Pale ilipowadondokea, ngozi ilipata madoa ya kahawia, lakini nguo zao hazikupata. Alijipaka yeye mwenyewe, na matokeo yakawa yaleyale.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipolala. Nguo hazikupata madoa kwa sababu hii si rangi ya kupaka juu ya kitu. Ni rangi inayozaliwa ndani ya seli zilizokufa. Kwa hiyo haitoki kwa sabuni, inatoka pamoja na seli zenyewe zinapopukutika. Tabaka hilo la juu hujibadilisha kwa muda wa karibu wiki mbili, na rangi huonekana vizuri kwa siku tano hadi kumi. Tatizo ni kwamba mwili haupukutiki kwa mwendo mmoja. Uso hutangulia, kwa kuwa unaoshwa na kupakwa vitu mara nyingi. Mikono hufuata. Viwiko, magoti na vifundo vya miguu, penye ngozi nene na kavu, hunyonya dawa nyingi na kuing'ang'ania. Siku ya saba mteja hana rangi moja tena, ana rangi tatu au nne.

Wanaotetea marudio ya kila wiki huanzia hapohapo, na hoja yao ina maana. Kama rangi inavurugika siku ya sita au ya saba, mteja aonekane vibaya kwa nini hadi siku ya kumi na nne? Amelipa apendeze. Tena, wanasema, dawa inafanya kazi kwenye seli zilizokufa, basi ukiirudia mara nyingi unamdhuru nani?

Wana hoja nyingine iliyo nzito kuliko hiyo. Mtu anayetaka rangi na akanyimwa spreyi hataacha kuitaka. Ataitafuta juani au kwenye vitanda vya mionzi, vile vyenye taa za urujuanimno za kuipa ngozi rangi. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliviweka vitanda hivyo katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huohuo Brazili ilivipiga marufuku kwa matumizi ya urembo, na Australia nayo baadaye ikapiga marufuku biashara yake. DHA haimwongezei mtu mionzi hata chembe. Mpulizaji anayesema "afadhali aje kwangu kila wiki kuliko alale kwenye kitanda kile mara moja" anasema kweli, nami sina la kumpinga.

Ila tuangalie hoja hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba spreyi ni bora kuliko mionzi. Haithibitishi kwamba spreyi ya kila wiki ni bora kuliko ya kila wiki mbili. Anayepuliziwa mara 26 kwa mwaka yuko mbali na kitanda cha mionzi sawasawa na anayepuliziwa mara 52. Mjadala wetu uko kati ya hawa wawili, na hapo mizani huanza kuegemea upande mwingine.

Mchukue mteja aliyepuliziwa Ijumaa, akarudi Ijumaa inayofuata. Kifuani na shingoni rangi imebanduka vipande vipande, mfano wa magamba ya samaki. Kwapani imekwisha. Vifundoni ipo, na imekolea. Mpulizaji akipita juu ya hali hiyo na dawa mpya, hafuti tofauti, anaipandisha ngazi. Penye rangi ya zamani panakuwa na giza zaidi. Palipobanduka panapata rangi ya kawaida. Mipaka kati ya sehemu hizo inabaki palepale. Kwa siku moja au mbili ile rangi ya muda, inayochanganywa kwenye dawa ili mpulizaji aone alipopita, huficha kasoro. Ikishaoshwa, mabaka yanarudi. Mteja naye, akiona mabaka, anadhani wiki ni muda mrefu na anaomba kuja baada ya siku tano. Nadhani wengi wanaoingia kwenye mazoea ya mara kwa mara wanaingilia mlango huu: wanatibu mabaka kwa kitu kilekile kilichoyaleta.

Kuna na suala la kiasi. Asidi za amino kwenye tabaka lile zina mwisho wake. DHA ikizidi kile ambacho ngozi inaweza kupokea, ndipo inapokuja ile rangi ya chungwa inayowatia watu aibu. Wengi huilaumu chapa ya dawa. Mara nyingine kosa ni mkusanyiko wa dawa kali, wa marudio ya karibu karibu, au vyote viwili juu ya ngozi kavu. Na ukavu nao ni jambo la kweli: wateja wanaopuliziwa mfululizo hulalamika kwamba ngozi inakaza na kuwasha, na ngozi kavu hupukutika ovyo, kwa hiyo rangi inayofuata inadumu siku chache zaidi.

Hadi hapa nimezungumzia sura. Afya inadai tahadhari ya aina nyingine, kwa sababu spreyi haiishii kwenye ngozi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imeruhusu DHA kwa kupakwa nje ya mwili, ila haijairuhusu ivutwe kwa pumzi wala iguse midomo, macho na utando laini wa mwili. Ndani ya kibanda chenye ukungu wa dawa, yote hayo yanawezekana kama mteja hakupewa kinga ya macho, vizuizi vya pua na mafuta ya midomo. Barani Ulaya kamati ya wanasayansi inayoishauri Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2010 kwamba hadi asilimia 14 ya DHA katika vibanda vya spreyi haimhatarishi mteja. Mwaka 2021 sheria ya Umoja huo ikaweka kikomo cha asilimia 10 kwa bidhaa za kuipa ngozi rangi. Anayetaka kuogopa atasoma upande mmoja, anayetaka kutulia atasoma wa pili. Mimi nasoma hivi: anayekwenda mara chache akiwa amekingwa vizuri hana sababu ya kukosa usingizi, lakini kuongeza safari za kibandani bila faida inayoonekana ni kuongeza pumzi za ukungu ule bila sababu.

Na ukungu ule una mtu mwingine ndani yake. Mpulizaji anayehudumia wateja wanane kwa siku, siku tano kwa wiki, anasimama humo mara 40 kila wiki. Katika mijadala ya marudio huyu hatajwi. Kama ni wewe, barakoa na feni ya kunyonya hewa si mapambo ya saluni, na ratiba inayowaleta wateja wote kila wiki inakugharimu wewe kabla haijamgharimu mteja yeyote.

Jambo linalonihangaisha zaidi ni jua. Rangi ya spreyi inafanana na rangi ya jua, basi watu wanaamini inakinga kama vile. Haikingi. Kinga yake ni ndogo mno, ya SPF 3 au 4 hivi (SPF ni kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye losheni za jua), na haidumu. Kuna pia utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2008 ambao kila mpulizaji anapaswa kuujua. Sampuli za ngozi zilipakwa DHA ya asilimia 20, kisha zikawekwa chini ya mionzi ya urujuanimno. Zilitoa chembe huru, zile zinazoharibu seli, kwa zaidi ya asilimia 180 kuliko ngozi isiyopakwa. Ni haki kusema kwamba kiwango kile kinazidi cha vibanda vingi, na ile ilikuwa ngozi ya maabara, si mtu anayetembea. Hata hivyo ushauri unaotokana nao ni rahisi kuufuata: ukipuliziwa, jiepushe na jua siku hiyo na inayofuata, na losheni ya kinga ipakwe kama kawaida. Sasa mfikirie anayepuliziwa kila wiki katika msimu wa joto, ambao ndio msimu wa kazi hii. Anakuwa na siku hizo za tahadhari kila wiki, katika wiki zilezile anazokaa nje kuliko wakati wowote wa mwaka.

Kwa nini basi wiki moja imekuwa jibu la kawaida? Sehemu kubwa ni vifurushi. Saluni huuza spreyi nne kwa mwezi kwa bei ya tatu, na aliyekwisha kulipia ya nne atakuja kuichukua hata kama ngozi yake haijawa tayari. Siwalaumu wapulizaji wanaotafuta mapato ya uhakika. Kodi ya chumba haisubiri msimu. Ila kifurushi kinaweza kupangwa vingine: spreyi mbili kwa mwezi, na katikati huduma ya kusugua na kuondoa rangi ya zamani, inayolipiwa kama kazi kamili. Ni kazi ya ustadi, inachukua muda, na ndiyo inayofanya spreyi inayofuata ikae vizuri. Ajabu ni kwamba wengi huitoa bure, au humwachia mteja aende akahangaike na kitambaa bafuni.

Kwa mtu mwenye ngozi isiyo na matatizo, basi, ningesema siku 10 hadi 14, na sharti lisilovunjwa: asipuliziwe juu ya mabaki. Upande wa ndani wa kifundo cha mkono na mstari wa shingo vinasema kweli kuliko kalenda. Ukivifuta kwa taulo yenye maji ya vuguvugu na bado mabaka yapo, siku haijafika. Mteja anaweza kuurefusha muda huo mwenyewe. Asugue ngozi na kunyoa siku moja kabla, aje bila mafuta wala manukato mwilini, kisha alainishe ngozi kila siku, ajikaushe kwa kugusagusa badala ya kufuta kwa nguvu, na ajue kwamba maji ya bwawa yenye klorini yatamfupishia siku.

Uso uwekewe mpango wake. Kwa kuwa ndio unaotangulia kufifia, ndio unaowarudisha watu kibandani wakati mwili mzima bado uko sawa. Losheni yenye DHA kidogo, ikipakwa kwa mkono mara moja au mbili katikati ya wiki, inamaliza shida hiyo bila ukungu. Ushauri huo unawafaa pia wenye pumu. Unawafaa vilevile wenye mbalanga, wanaotumia DHA kusawazisha mabaka meupe: hao wanahitaji kurudia mara nyingi, pengine kila wiki, na kwao sina ubishi wowote, maana sehemu ni ndogo na faida ni kubwa.

Wapo pia wanaohitaji rangi kwa siku moja. Mshindani wa kutunisha misuli hupuliziwa tabaka mbili au tatu ndani ya siku moja au mbili ili misuli isomeke chini ya taa za jukwaani, kisha huiondoa yote. Hayo ni matumizi ya tukio, si mazoea, na kanuni ya wiki mbili haimhusu. Lakini mteja wa kawaida mwenye harusi siku tisa zijazo, aliyepuliziwa jana na anayetaka kuja tena kesho kutwa "ili ikolee", huyo aambiwe asubiri. Wiki ijayo asugue polepole siku mbili mfululizo, alainishe, kisha aje siku moja au mbili kabla ya harusi akiwa na ngozi tupu.