Sawa Yangu Haikuwa Ndiyo

Jumatatu nilifungua laptopu ofisini, hapa Milimani, Kisumu, nikakuta nimepewa kazi tatu. Aliyenipa si bosi. Ni ile programu inayosikiliza mkutano wa mtandaoni, kuandika muhtasari, kisha kugawa majukumu kama mwalimu wa zamu. Eti Ijumaa "nilikubali" kuandaa ripoti ya Siaya, Vihiga na Kisumu kufikia Jumatano.

Nilikubali lini? Nilisema "sawa."

Jamani, aliyelelewa hapa anazijua sawa zetu. Kuna sawa ya kukubali. Kuna sawa ya nimekusikia, endelea. Halafu kuna ile ndefu, saaawa, mtu anaivuta huku akitazama dirishani, na hiyo ni hapana yenye adabu. Tungekuwa meza moja, bosi angeisikia, angecheka, angemtafuta mwingine. Mwenzangu akaongezea kwa Dholuo, "wabiro neno." Tutaona, yaani sahau. Muhtasari ukaliruka neno hilo kama dimbwi la maji Kondele.

Slack, programu ya kuandikiana ujumbe kazini, ilipotokea 2013, ilikuwa imezaliwa kwenye kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezo ukafa, chombo walichokuwa wakisogolea kazini kikabaki, na 2021 Salesforce ikamaliza kukinunua kwa zaidi ya dola bilioni 27. Teams ya Microsoft, mshindani wake, ilikuwa imeshaingia sokoni tangu 2017. Wakati huo programu hizi zilitutunzia tulichosema, basi. Siku hizi zinatuambia tulimaanisha nini! Na ukibisha, unaonyeshwa maandishi, kana kwamba maneno yalisemwa bila shingo iliyogeuka pembeni.

Haya, nitakiri, na sifurahii kukiri. Mwenzetu aliyekuwa kwenye matatu ya Kakamega, bando limeisha, baadaye alisoma mkutano wote kwa dakika mbili. Na kuandika kumbukumbu za vikao kulikuwa kukiangukia dada mdogo kuliko wote mezani, hata kama ndiye mwenye la kusema. Hapo mashine imefanya vyema.

Maamuzi yenyewe, bila shaka, bado tunayafanyia kwenye grupu la WhatsApp usiku.

Nimemwomba bosi jambo moja: muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kila mmoja aseme kwa kinywa chake amekubali nini. Akaniambia sawa. Bado nachunguza ni ipi.