Kupima VVU England: hofu ya Uhamiaji inatuchelewesha bure

Tangu tarehe 1 Oktoba 2012, mtu yeyote aliyeko England anatibiwa VVU bila kulipa hata senti. Awe mwanafunzi, awe anasubiri majibu ya hifadhi, awe viza yake ilikwisha zamani: daktari wa kliniki, vipimo vya damu na dawa ni bure. Kupima kulikuwa bure hata kabla ya hapo. Wapo Waafrika Mashariki waliokaa Reading au Birmingham miaka mingi ambao habari hii haijawafikia, na wengine imewafikia lakini hawaiamini.

Hawaiamini kwa sababu. Aliyewahi kwenda kufanya kazi Ghuba anajua utaratibu wa kule: unapimwa kabla ya kupanda ndege, unapimwa tena ukifika kabla ya kupewa kibali cha ukaazi, na ukikutwa na VVU unarudishwa kwenu. Mtu wa aina hiyo akihamia Uingereza anakuja na somo moja kichwani, kwamba kipimo ni mtego. Na Uingereza yenyewe haikusaidia. Mwaka 2017 yalianza kutumika makubaliano kati ya NHS (huduma ya afya ya taifa) na Home Office (wizara inayosimamia uhamiaji) ya kupeana taarifa za watu wanaotafutwa na Uhamiaji, hasa anwani zao. Majibu ya vipimo hayakuwemo, na mwaka uliofuata mpango huo ulisitishwa baada ya kelele za madaktari na mashirika. Lakini habari ya kukamatwa husafiri haraka kuliko habari ya kusitishwa, na bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kuna mkanganyiko mwingine. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda kwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hupigwa picha ya kifua kabla ya kupewa viza. Wengi hutoka pale wakiamini wamepimwa kila kitu. Kile ni kipimo cha kifua kikuu peke yake. Uingereza haidai kipimo cha VVU kwa viza, na kuwa na VVU si sababu ya kukunyima viza wala ya kukufukuza. Kwa hiyo anayejipa moyo kwamba "mimi nilipimwa ubalozini nikaonekana mzima" hajapimwa.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Madaktari wa Uingereza huhesabu kuwa mtu amechelewa kugunduliwa ikiwa CD4 zake (chembe za kinga ya mwili) ziko chini ya 350 wakati wa kupata majibu, na Waafrika weusi, wanaume hasa, wamekuwa wengi katika kundi hilo mwaka baada ya mwaka. Kwa nini wanaume? Mjamzito hupimwa kliniki kama sehemu ya kawaida ya huduma. Mwanaume hana siku yake ya namna hiyo. Anakwenda hospitali kikohozi kikishamlaza, na kwa miezi kadhaa kabla ya hapo mwili ulikuwa umeshatoa dalili: mkanda wa jeshi kwa mtu wa miaka 35, utando mweupe mdomoni usiokwisha, nimonia ya pili ndani ya mwaka, kupungua uzito bila sababu. GP (daktari wa mtaa) wa mji mdogo anaweza kuziona dalili hizo moja moja asiziunganishe. Ukiwa na mojawapo, usingoje aulize. Mwambie wazi: naomba kipimo cha VVU.

Njia ya kupima iliyo nyepesi kuliko zote ni kliniki ya afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa. Huhitaji barua ya GP, hawaulizi viza, na hawampelekei GP majibu bila ridhaa yako. Damu hutolewa mkononi, na kipimo cha maabara kinaweza kutegemewa siku 45 baada ya tukio unalolihofia. Kile cha kujipima mwenyewe nyumbani na kusoma majibu papo hapo kinahitaji siku 90. Ukipima kabla ya muda huo, majibu ya "hakuna" hayajakamilika; rudia. Na kama tukio ni la juzi, usikae kuhesabu siku: nenda kliniki, au A&E (idara ya dharura ya hospitali) kama kliniki imefungwa, ukaombe dawa za kinga ya dharura. Lazima zianze ndani ya saa 72.

Kuna pia vifaa vya kuagiza mtandaoni na kurudisha damu kwa posta. Hapa watu wengi hukwama kwenye kichupa. Damu haitoshi, maabara inakuandikia urudie, na mtu aliyekuwa na woga tangu mwanzo harudii. Loweka mkono kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa dakika kadhaa, kunywa maji, simama, ninginiza mkono chini. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, kisha kanda kuanzia kiganjani kuelekea kidoleni na uache matone yadondoke yenyewe. Ukikamua ncha kwa nguvu, chembe za damu hupasuka na sampuli huharibika.

Majibu yakisema kuna dalili ya maambukizi, hayo bado si majibu ya mwisho. Lazima damu ipimwe tena kliniki. Yakithibitishwa, dawa huanza mapema, na wingi wa virusi ukishashuka hadi usionekane kwenye kipimo na kubaki hivyo, humwambukizi mwenzako kwa ngono.

Hofu ya lugha nayo ina uzito wake. Mkalimani wa Kiswahili anayeletwa anaweza kuwa mtu mnayesali naye. Una haki ya kumkataa na kuomba mkalimani wa simu wa mji mwingine, bila kutaja jina lako kwenye simu. Usimtumie mtoto wako wala shemeji.

Wanaofanya kazi ya kulea wazee, na ndugu zetu wengi wako huko, hawalazimiki kupimwa VVU wala kumwambia mwajiri. Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda mwenye VVU tangu siku anapogunduliwa.

Lawama yangu kubwa ni kwa serikali. Haiwezekani kuwaambia watu "njooni mpime, ni siri, ni bure" huku ndani ya hospitali ileile kuna ofisi inayodai pasipoti na kutuma ankara. Mama asiye na makaratasi anaweza kutozwa kwa kujifungua asilimia 150 ya gharama halisi, na deni la pauni 500 au zaidi lililokaa miezi miwili huweza kupelekwa Home Office. Deni la VVU halipo, lakini nani atamlaumu mgonjwa asiyeweza kutofautisha dirisha moja na jingine? Upimaji ulioanzishwa Aprili 2022 kwenye A&E za London, Brighton, Blackpool na Manchester, ambapo damu yako hupimwa VVU usipokataa, umegundua watu ambao wasingekwenda kliniki kamwe. Ni jambo jema sana. Lakini mwenye hofu ya ankara hafiki hata huko A&E, ingawa huduma ya pale nayo ni bure kwa kila mtu.

Mwisho, kwa mnaokuja mkiwa tayari kwenye dawa. Msiziache nyumbani kwa kuogopa mkaguzi wa uwanja wa ndege. Omba kliniki yako ya dawa za VVU (CTC kwa Tanzania, CCC kwa Kenya) ikupe dawa za miezi mitatu, nakala ya kadi, na barua yenye majina kamili ya dawa (kwa wengi ni tenofovir, lamivudine na dolutegravir), tarehe ulizoanza, na kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi. Ukifika, usingoje chupa iishe. Piga simu kliniki ya VVU iliyo karibu wiki ya kwanza. Unaweza kujipeleka mwenyewe, na hata ukiwa hujajiandikisha kwa GP watakupokea. Kujiandikisha kwa GP nako hakuhitaji pasipoti wala uthibitisho wa anwani. Mpokezi akikataa, mwombe akuandikie sababu ya kukataa.