Wimbo wa Marehemu Baba Uliogeuzwa wa Mpenzi

Toleo bora la wimbo Everything I Own si la Bread, kundi la Marekani lililoutoa kwanza. Ni la Ken Boothe wa Jamaika, la mwaka 1974. Najua kuna watakaoudhika, hasa wale waliokua na kanda za Bread nyumbani, na nawaelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nampenda David Gates, mwimbaji wa Bread aliyeutunga, na ninaamini ni mmoja wa watunzi bora wa roki laini waliowahi kushika gitaa. Lakini kutunga wimbo ni kazi moja, na kuufikisha wimbo mahali pake ni kazi nyingine, na hiyo ya pili aliimaliza Boothe.

Bread walianzia Los Angeles mwaka 1968. Muziki wao ulikuwa wa gitaa kavu, kinanda cha taratibu, ngoma zinazoguswa tu, na sauti ya Gates iliyokuwa nyembamba, safi, isiyopiga kelele hata pale maneno yalipotaka kelele. Make It with You iliwafikisha namba moja Marekani mwaka 1970. Everything I Own ulikuja kwenye albamu yao ya mwaka 1972 na kufika namba tano. Kwa wengi ulikuwa wimbo mwingine wa mapenzi kutoka kwa watu waliozoeleka kwa nyimbo za mapenzi: mtu ameachwa, yuko tayari kutoa kila alicho nacho ili arudiwe.

Sivyo ulivyo. Gates amekwisha kueleza kwamba aliutunga kwa ajili ya baba yake, mwalimu wa muziki wa huko Tulsa, Oklahoma, aliyefariki kabla mwanawe hajafanikiwa. Ukishalijua hilo, usikilize tena ubeti kwa ubeti. Anaimbwa mtu aliyemkinga mwenzake na madhara, akampa uhai wake, kisha akamwachia huru. Mtu asiyekuwa na maneno mengi, ambaye mwingine alijifunza kupenda kwa kumtazama tu. Mpenzi gani anasifiwa hivyo? Huyo ni mzazi. Na ile sehemu ya katikati, inayomuuliza msikilizaji kama naye ana mtu anayempenda lakini amemzoea mno, haimwonyi mtu atakayeachwa. Inamwonya mtu atakayefiwa.

Ila Gates hakumtaja baba popote. Alisema "wewe" basi, akauacha mlango wazi. Washairi wa pwani wanaijua sana mbinu hii: fumbo linaimbwa ukumbini, kila mtu anaondoka na wake moyoni, na mtunzi hasemi kitu. Nadhani hapo ndipo nguvu ya wimbo ilipo, na ndiyo sababu umeweza kuhama kutoka muziki mmoja hadi mwingine bila kuchakaa. Kila anayeuimba lazima aamue kwanza nani ameondoka. Asipoamua, wimbo unamkataa.

Sasa Boothe. Ni kijana wa Kingston aliyepitia studio ya kurekodia ya Studio One enzi za rocksteady, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, akapewa jina la Mr. Rock Steady, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo na mtetemo wa waimbaji wa soul wa Marekani. Hilo halikuwa jambo geni Jamaika. Redio za majimbo ya kusini mwa Marekani zilisikika visiwani, na tangu mwanzo studio za Kingston zilikuwa zikichukua nyimbo za huko na kuzifanya zao. Kwa hiyo Boothe na prodyuza Lloyd Charmers walipouchukua wimbo wa Bread, walikuwa ndani ya mila yao. Walichokifanya humo ndicho cha ajabu.

Hawakugusa tuni. Walichobadilisha ni nani anayesimulia. Kwa Bread msimulizi ni gitaa kavu, na besi iko nyuma kama mtu wa adabu. Kwa Boothe besi ndiyo inayotangulia, inasema sentensi yake, inanyamaza, inarudia. Gitaa linakata pale ambapo mguu wako haukanyagi. Kati ya mapigo kuna nafasi tupu, na katika nafasi hizo sauti ya Boothe inapata pa kutetemeka. Gates anaimba kama mtu aliyejifungia chumbani asisikike na wenzake. Boothe yuko matangani: analia hadharani, watu wamemzunguka, wanamwitikia kwa vichwa, na hakuna anayemwambia anyamaze. Kila ninapoulinganisha huu na ule nafikia hapo hapo. Msiba ni uleule, lakini mmoja umebebwa na mtu peke yake na mwingine umebebwa na umati. Ndiyo maana unaweza hata kuucheza. Kwetu tunaojua kwamba ngoma na kilio vinaweza kukaa uwanja mmoja, hilo halihitaji maelezo.

(Jambo dogo: jina la wimbo lenyewe Boothe haliimbi. Pale Gates anaposema atatoa kila alicho nacho, Boothe anasema atatoa chochote. Lebo ya sahani ikabaki na jina la zamani. Sijali hata kidogo.)

Toleo hilo lilitolewa Uingereza na kampuni ya Trojan, na mwishoni mwa Oktoba 1974 likapanda hadi namba moja, likakaa huko wiki tatu. Hebu tazama mwaka wenyewe. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo Eric Clapton alikuwa namba moja Marekani na I Shot the Sheriff, wimbo wa Bob Marley. Mwingereza kauchukua wimbo wa rege akaupeleka kwenye roki, Mjamaika kauchukua wimbo wa roki laini akaupeleka kwenye rege, na wote wawili wakafika kileleni, kila mmoja upande wake wa bahari. Watu husimulia safari ya Clapton mara nyingi zaidi. Mimi naona ya Boothe ni ngumu zaidi, maana Clapton aliukuta wimbo una mdundo tayari, na Boothe aliukuta hauna.

Mwaka uliofuata Trojan ikaanguka kifedha, wakati ambao Boothe alihitaji kampuni imara nyuma yake kuliko wakati mwingine wowote. Linaniuma mpaka leo.

Halafu mwaka 1987 akaja Boy George. Culture Club, kundi lake la Uingereza, ilikuwa imesambaratika, na mwaka uliotangulia habari za uraibu wake wa heroini zilikuwa zimejaa magazeti yote ya Uingereza. Wimbo wake wa kwanza akiwa peke yake ulikuwa huu, na mwezi Machi ukafika namba moja Uingereza. Ukiusikiliza unajua mara moja alikojifunzia: mdundo ni wa rege, njia ni ya Boothe. Na anafanikiwa, kwa sababu naye aliamua nani ameondoka. Mimi namsikia akimlilia Boy George wa zamani, yule wa kabla ya dawa. Sauti imechoka kidogo, na uchovu huo unamfaa.

Hapa ndipo penye neno langu kubwa. Mirabaha ya utunzi wa toleo la Boy George ilikwenda kwa Gates, na ilistahili. Tuni na maneno ni yake. Lakini mpangilio ule, besi ile, wazo lile la kwamba kilio hiki kinaweza kuchezwa, vilitoka kwa Boothe na Charmers, na hakimiliki ya utunzi haiwatambui. Sitaki sheria ya utunzi ilegezwe. Sisi wa Afrika Mashariki tumeona kilichotokea kwa Malaika, ulioimbwa na Fadhili William, Miriam Makeba, Boney M. na Angélique Kidjo huku ugomvi wa nani aliutunga ukiendelea hadi leo. Mtunzi alindwe. Ila anayeugeuza wimbo hadi wengine wakaanza kumwiga yeye badala ya mwenye wimbo, huyo naye ametunga kitu. Angalau watangazaji wa vipindi vya zilizopendwa wamtaje anapostahili kutajwa, na waandishi waache kuliita toleo la 1987 kuwa ni la wimbo wa Bread bila kutaja daraja lililo katikati.

Matoleo mengine nayapitia haraka. Joe Stampley aliupeleka kwenye kantri katika miaka ya 1970, na wimbo ukakaa vizuri, kwani kantri haioni haya kumwimba mzazi. NSYNC waliuweka kwenye albamu yao ya kwanza pamoja na Sailing wa Christopher Cross. Sauti zimepangwa kwa ustadi, lakini hakuna aliyefiwa wala kuachwa mle ndani. Rod Stewart aliurudia mwaka 2006 kwenye albamu nzima ya nyimbo za wengine, na ameuimba kwa raha mno.

Ninalolisubiri ni toleo la taarab. Kanuni, kile chombo cha nyuzi, na fidla za Zanzibar zingeubeba bila taabu, na waitikiaji wangekuwa ndio ule umati wa Boothe. Ningemwomba mwimbaji mambo mawili tu: asiifuate besi ya Jamaika, maana hiyo imekwisha kufuatwa, na awe wa kwanza kutamka wazi kwamba anamwimbia baba.